Kiwanda kimoja, wenye mali wanne: namna ya kupima kodi ya mapato ya nje na ushindani wa kampuni za kimataifa

Wakurugenzi wa kampuni ya kimataifa wakilalamika kwamba kodi ya kwao inawaangusha ugenini, waulize kwanza: faida hiyo imepatikana nchi gani, na huko ilitozwa kiasi gani? Kodi ambayo nchi mama, yaani nchi ya kampuni mama inayomiliki, inatoza faida ya nje haiumi sawa kila mahali. Pale nchi mwenyeji ilipokwisha chukua asilimia 30, nchi mama nyingi hufika na kukuta nyama imeliwa, umebaki mfupa. Maumivu yako pale mwenyeji alipochukua kidogo au alipojinyima kabisa ili kuvutia mwekezaji. Hapo ndipo kampuni mbili zenye mashine zilezile, mishahara ileile na wateja walewale zinapoachana, kwa sababu tu mama zao wanaishi nchi tofauti.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ugumu uko katika kujua ni namba ipi inaingia wapi. Tutatumia mfano wa kubuni mmoja mwanzo hadi mwisho: kiwanda cha nguo katika eneo la EPZ (eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje) la Athi River, Kenya. Mauzo ya mwaka ni dola milioni 80, faida kabla ya kodi milioni 10, mishahara milioni 4, na majengo na mashine zenye thamani ya milioni 20 vitabuni. Sheria ni zile za mwaka 2026 na viwango hubadilika, kwa hiyo andika mwaka juu ya kila karatasi ya hesabu. Karatasi isiyo na mwaka ni ya kutupa.

Kabla ya kushika kikokotoo

Chora mti wa umiliki. Juu kabisa mweke mama wa mwisho, chini yake kila kampuni iliyo katikati, kisha kiwanda. Kwenye kila mstari andika asilimia ya hisa, na kwenye kila sanduku andika nchi ambayo kampuni hiyo ni mkazi wake kikodi. Usidhani ukazi ni mahali ilipoandikishwa tu. Marekani inatazama mahali ilipoandikishwa. Kenya na Uingereza zinatazama pia mahali maamuzi makubwa yanapofanyika. Kampuni iliyoandikishwa Mauritius, lakini wakurugenzi wake wanakutana Nairobi na barua zote za maagizo zinatoka Nairobi, inaweza kujikuta ni mkazi wa Kenya, na mti wote ukapinduka.

Asilimia za hisa zina kazi. Kampuni ya Marekani inahitaji angalau asilimia 10 ya hisa ili gawio kutoka nje lisitozwe kodi. Uholanzi inahitaji 5. Ukiwa na 9 unapoteza mamilioni kwa ajili ya hisa chache ambazo pengine ungezipata kwa kuomba tu.

Kisha tafuta mapato ya kundi zima, yaani mauzo ya kampuni zote za ukoo huo duniani. Mstari wa kuangalia ni euro milioni 750, uliofikiwa katika angalau miaka miwili kati ya minne iliyopita. Juu ya mstari huo kundi linaingia kwenye kanuni za kodi ya chini ya dunia ya asilimia 15, zilizokubaliwa Oktoba 2021 chini ya OECD, shirika la uchumi la nchi tajiri, na nchi zaidi ya 130. Chini yake, haziligusi kabisa. Kwa kushindana, mstari huu una maana kuliko watu wengi wanavyofikiri, na tutauona ukifanya kazi.

Jambo la tatu ni kutofautisha kiwango cha kisheria na kiwango halisi. Kiwango cha kisheria cha kodi ya kampuni Kenya ni asilimia 30, lakini kampuni iliyonunua mashine za uzalishaji mwaka huu inakata nusu ya gharama yake mwaka wa kwanza, na kodi halisi inaweza kushuka sana au kufika sifuri. Gawanya kodi iliyolipwa kwa faida kabla ya kodi, kwa kila kampuni na kila mwaka. Ukichukua namba iliyo kwenye kitabu cha sheria ukaiita mzigo wa kampuni, hesabu yote inayofuata itakuwa safi na itakuwa ya uongo.

Hesabu ya kampuni ya kawaida

Anza na kiwanda kisicho na msamaha wowote, ili uone hali ilivyo kwa kampuni nyingi za kigeni Afrika Mashariki. Faida ni milioni 10. Kenya inachukua asilimia 30, yaani 3.0. Inabaki 7.0 ya kugawa. Gawio likienda kwa asiye mkazi linakatwa kodi ya zuio (ile ambayo mlipaji huikata kabla ya kulipa) ya asilimia 15, yaani 1.05. Linalotoka nchini ni 5.95. Mzigo hadi hapo ni asilimia 40.5.

Sasa fuata gawio hilo linapotua nyumbani. Nchi mama ina njia nne za kulipokea, na ni lazima ujue yako ni ipi kabla ya kuandika namba yoyote.

Ya kwanza ni kuliacha. Uingereza ilianza kuyasamehe magawio mengi ya nje Julai 2009, na Japani mwaka huohuo ikasamehe asilimia 95 yake. Mmiliki wa Uingereza anabaki na 5.95 yake yote.

Ya pili ni kulitoza, lakini kwa kuhesabu, yaani kuitoa kwenye kodi ya nyumbani, kodi yote iliyolipwa nje, ya zuio pamoja na ile ambayo kampuni tanzu ililipa. Marekani ilifanya hivyo hadi mwisho wa 2017. Unarudisha gawio kwenye faida yake ya asili, milioni 10, unatoza asilimia 35 ya wakati ule, unapata 3.5. Kodi iliyolipwa Kenya ni 4.05. Kwa kuwa nafuu hiyo haiwezi kuzidi kodi ya nyumbani, unahesabu 3.5 tu, Marekani inapata sifuri, na 0.55 inabaki ikielea. Ziada ya namna hii ilikuwa mali: kampuni iliitumia kufunika faida nyingine ya nje iliyotozwa kidogo.

Ya tatu ni kuhesabu kodi ya zuio peke yake. Kwa nchi inayotoza asilimia 30: 7.0 mara asilimia 30 ni 2.1, toa 1.05, unalipa nyumbani 1.05 nyingine. Jumla ya mzigo inakuwa 5.10, asilimia 51. Kosa la mara kwa mara liko hapa. Mhasibu husoma kwenye sheria maneno ya nafuu ya kodi iliyolipwa nje na kudhani yanajumuisha kodi ya kampuni tanzu. Soma ni nani aliyelipa: kama kifungu kinasema kodi iliyolipwa na mtu anayedai nafuu, ile 3.0 iliyolipwa na kampuni tanzu haimo, isipokuwa mkataba au kifungu kingine kiseme vinginevyo.

Ya nne, iliyo mbaya kuliko zote, ni kuitendea kodi ya nje kama gharama ya kawaida. 5.95 inatozwa asilimia 30, ni 1.785. Mzigo wote ni asilimia 58.35. Kampuni inayotoka nchi ya namna hii haipaswi kwenda kushindana kwenye soko lenye kodi ya asilimia 30 bila mkataba.

Tukizungumzia mikataba: Kenya na Uingereza zina mkataba wa kuzuia kutoza kodi mara mbili. Kwa gawio hausaidii sana, kwani kiwango ni kilekile 15, lakini ada ya uendeshaji inashuka kutoka asilimia 20 hadi 12.5, na mrabaha (malipo ya kutumia jina au teknolojia ya mwingine) kutoka 20 hadi 15. Wakati huohuo mkataba wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Novemba 2010, ulikaa zaidi ya miaka kumi bila kuanza kutumika kwa sababu haukuridhiwa na wote. Kwa hiyo kampuni ya Mwanza ikipeleka huduma za uendeshaji Kisumu inakatwa zaidi ya kampuni ya Manchester. Watu wanatafuta sababu za biashara ndogo ya mipakani kwenye barabara na vizuizi vya polisi, na hii hapa iko kwenye karatasi.

Na Marekani ya leo? Tangu sheria iliyosainiwa Desemba 22, 2017, gawio kutoka kampuni tanzu ya nje linasamehewa lote. Badala yake faida ya kampuni tanzu inatozwa kila mwaka, igawanywe isigawanywe, kwa kodi iliyojulikana kama GILTI. Lakini kampuni inaruhusiwa kuchagua kuiondoa faida iliyotozwa nje zaidi ya asilimia 18.9, ambayo ni tisa ya kumi ya kiwango chao cha 21. Kenya kwa asilimia 30 iko juu mno. Kwa hiyo kwenye kiwanda cha kawaida, Mmarekani na Mwingereza wanatoka sare: 5.95 kwa 5.95. Lalamiko la kodi ya nyumbani halina msingi hapa, na ukilisikia kwa kampuni inayofanya kazi yake yote kwenye nchi za asilimia 30, jua kuna kingine kinachowauma.

Hesabu ya kiwanda chenye msamaha

Sasa kirudishe kiwanda chetu ndani ya EPZ. Miaka 10 ya kwanza Kenya haitozi kodi ya kampuni wala kodi ya zuio kwenye gawio linalokwenda kwa asiye mkazi. Miaka 10 inayofuata inatoza asilimia 25. Tuko ndani ya kumi la kwanza. Kenya imechukua sifuri. Weka wenye mali wanne mbalimbali juu ya kiwanda hichohicho.

Mwingereza mdogo, ambaye kundi lake liko chini ya euro milioni 750. Gawio limesamehewa. Anachopaswa kuthibitisha ni kwamba faida hii haikuchotwa kutoka Uingereza ikapelekwa Kenya kwa karatasi tu, maana Uingereza ina kanuni za kampuni za nje zinazodhibitiwa na wakazi wake. Kiwanda chenye cherehani na wafanyakazi mamia kwa kawaida hakina shida na hilo. Kodi: sifuri.

Mwingereza mkubwa, aliye juu ya mstari. Kodi ya chini ya dunia inasema kila nchi ambako kundi linapata faida lazima kiwango halisi kifike 15, lakini kwanza unaruhusiwa kutoa sehemu inayowakilisha kazi halisi: kwa 2026 ni asilimia 9.4 ya mishahara na asilimia 7.4 ya mali za kudumu. Mishahara milioni 4 inatoa 0.376. Mali milioni 20 zinatoa 1.48. Jumla 1.856. Faida inayobaki ni 8.144, na asilimia 15 yake ni 1.22. Asilimia hizi za kutoa hupungua kila mwaka hadi zote mbili zitulie kwenye 5 mwaka 2033, kwa hiyo usinakili namba ya mwaka jana.

Mmarekani. Sheria ya Julai 4, 2025 iliibadilisha GILTI jina na hesabu kuanzia miaka ya kodi ya 2026. Zamani ulitoa kwanza asilimia 10 ya mali za kudumu, kisha ukapunguza nusu ya kilichobaki: kwa kiwanda chetu 10 toa 2 ni 8, nusu yake 4, mara asilimia 21 ni 0.84. Sasa ile ya mali imeondolewa na punguzo ni asilimia 40. Milioni 10 inabaki 6, mara 21 ni 1.26. Aliyekuwa anapendelewa kwa kuwa na mashine nyingi amepoteza zaidi kuliko mwenye kampuni ya programu. Kwa upande mwingine, nafuu ya kodi iliyolipwa nje imepanda kutoka asilimia 80 hadi 90, na riba na gharama za utafiti za kampuni mama hazipunguzi tena kikomo cha nafuu hiyo kama zilivyokuwa zikifanya.

Mtanzania. Tanzania humtoza kampuni mkazi mapato yake popote duniani kwa asilimia 30, na humpa nafuu kwa kodi iliyolipwa nje. Lakini nafuu ya sifuri ni sifuri. Kodi: 3.0.

Tazama mpangilio huo: sifuri, 1.22, 1.26, 3.0. Jirani wa karibu kuliko wote ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote, na wala si kosa la Kenya.

Hapa kuna jambo ambalo wizara za fedha huchelewa kuliona. Kenya imejinyima kodi ili kiwanda kiwe cha bei nafuu, lakini kwa wamiliki watatu kati ya wanne kile ilichojinyima kimeokotwa na hazina nyingine. Zamani baadhi ya nchi mama zilikubali kwenye mikataba yao kuihesabu kodi iliyosamehewa kana kwamba ililipwa. Marekani haijawahi kukubali. Ndiyo maana Kenya, kwa marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024, ilitunga kodi yake ya kujazia hadi asilimia 15 kwa makundi yaliyo juu ya euro milioni 750. Kama hela hiyo italipwa tu, ni afadhali ibaki Nairobi kuliko kwenda London.

Kwa Mwingereza mkubwa hilo halibadilishi jumla: 1.22 ni 1.22, ilipwe wapi. Kwa Mmarekani mkubwa linabadilisha kidogo. Ikiwa Kenya itachukua 1.22, Marekani itamhesabia asilimia 90 yake, yaani 1.10, na kumdai 0.16 iliyobaki. Jumla 1.38. Nchi za G7, yaani nchi saba tajiri, zilikubaliana Juni 2025 kwamba makundi yenye mama Marekani yasibanwe na ngazi za juu za kodi ya dunia, zile zinazoiruhusu nchi nyingine kujazia kodi iliyopungua. Kodi ya kujazia ya nchi mwenyeji haimo kwenye msamaha huo. Usichanganye hayo mawili. Kwa hazina ya Kenya, tofauti yake kwenye kiwanda hiki ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Kuigeuza kodi kuwa bei

Namba ya kodi peke yake haisemi chochote kuhusu ushindani mpaka uigeuze kuwa kitu ambacho mteja au muuzaji anakiona.

Anza na bei ya bidhaa. Swali ni: mmiliki huyu aongeze kiasi gani kwenye mauzo ili abaki na milioni 10 kama Mwingereza mdogo? Wengi hugawanya kodi kwa mauzo na kusema 1.26 kwa 80 ni asilimia 1.6. Si sahihi, kwa sababu ile nyongeza nayo inatozwa. Gawanya 10 kwa (1 toa 0.126), unapata 11.44. Nyongeza ni 1.44, asilimia 1.8 ya mauzo. Kwa Mtanzania, 10 kwa 0.7 ni 14.29, nyongeza ya 4.29, asilimia 5.4. Kwenye shati la dola 10 hiyo ni senti 54. Wanunuzi wa nguo wa nje hukataa zabuni kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Ukiwa unapima mradi mpya, tumia njia hiyohiyo kwenye faida ambayo mtaji uliowekezwa unapaswa kuleta. Mwekezaji anayetaka asilimia 12 baada ya kodi anahitaji 12 tu bila kodi, 13.7 kwa kodi ya asilimia 12.6, na 20.2 kwa ile ya asilimia 40.5 ya kiwanda cha kawaida. Miradi iliyo kati ya 12 na 13.7 itajengwa na Mwingereza mdogo na kuachwa na Mmarekani.

Kisha kuna bei ya kununua kampuni, na kwa maoni yetu hapo ndipo kodi hii inafanya kazi yake kubwa bila kelele. Kiwanda kikiuzwa na wanunuzi wote wakitoa mara nane ya faida baada ya kodi, Mwingereza mdogo anafika milioni 80, mkubwa 70.2, Mmarekani 69.9 na Mtanzania 56. Anayeshinda mnada si lazima awe anajua kushona. Uhamaji wa kampuni za Marekani kwenda kuwa chini ya mama wa nchi nyingine kati ya 2014 na 2016 ulitokana kwa sehemu na hesabu ya aina hii: Burger King iliungana na Tim Hortons ya Canada mwaka 2014, Medtronic ilihamia Ireland Januari 2015 kupitia Covidien, na muungano wa Pfizer na Allergan wa dola bilioni 160 ukavunjika Aprili 2016 baada ya Hazina ya Marekani kukaza kanuni. Wakati ule kodi ya asilimia 35 ilisubiri hadi gawio lirudi nyumbani, kwa hiyo faida ikaachwa nje, zaidi ya dola trilioni mbili, na kampuni zenye fedha nyingi zikakopa nyumbani kulipa wanahisa wao. Sheria ya 2017 ilizitoza mara moja: asilimia 15.5 kwa fedha taslimu, 8 kwa mali nyingine.

Unachoweza kubadilisha, na kinachoharibika

Kwa kampuni iliyo kwenye kodi kubwa, kifaa cha kwanza ni mkopo kutoka kwa mama. Chukua mkopo wa milioni 20 kwa asilimia 8, riba 1.6. Riba inakatwa kwenye faida ya Kenya, inatozwa kodi ya zuio ya asilimia 15, yaani 0.24, kisha mama wa Marekani anatozwa asilimia 21 ya 1.6, yaani 0.336, na kuhesabiwa ile 0.24. Jumla 0.336. Kiasi hichohicho kingetoka kama gawio kingelipiwa 0.648. Lakini Kenya inaweka kikomo: riba isizidi asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Na kwa kiwanda chenye msamaha, mkopo huohuo ni hasara, maana unatoa faida mahali inapotozwa sifuri na kuipeleka inapotozwa 21. Watu hunakili mpango wa kampuni dada bila kuangalia hilo.

Bei za kuuziana ndani ya kundi ndizo zinazoleta kesi nyingi. Ukipandisha mrabaha ili kuhamisha faida kutoka Nairobi kwenda Ireland, utaulizwa ni nani hasa anayefanya kazi huko Ireland. Apple iliulizwa swali la kufanana na hilo na Kamisheni ya Ulaya mwaka 2016, na Septemba 2024 mahakama ya juu ya Ulaya ikathibitisha kwamba ilipe Ireland euro bilioni 13. Andaa nyaraka za bei kabla ya kuwasilisha ritani. Zikiandikwa baada ya barua ya ukaguzi zinaonekana ni za kujitetea, kwa sababu ndivyo zilivyo.

Vyeti vya kodi ya zuio huonekana kitu kidogo hadi siku vinapokosekana. Bila cheti hakuna nafuu nyumbani. Kenya inataka kodi iliyozuiwa iwasilishwe ndani ya siku tano za kazi. Cheti kinatoka kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya kodi ya Kenya, na anayekikosa huwa ni yule ambaye mlipaji aliandika namba yake ya mlipakodi vibaya. Kikague wiki ileile, usisubiri mwisho wa mwaka.

Hasara za mama huharibu hesabu ya Marekani kwa njia isiyoonekana haraka. Lile punguzo la asilimia 40 linategemea mama awe na mapato ya kutozwa. Akiwa na hasara nyumbani, faida ya Athi River inakula hasara hiyo, punguzo linapotea, na nafuu ya kodi iliyolipwa nje isiyotumika mwaka huo haiendi mwaka unaofuata. Mwaka mbaya nyumbani unakuwa mbaya mara mbili.

Sarafu nayo isisahaulike. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Faida iliyohesabiwa kwa kiwango kimoja na kodi iliyolipwa kwa kingine inaweza kusogeza kiwango halisi kwa pointi kadhaa, na ukiwa karibu na 18.9 au 15 pointi hizo ndizo zinazoamua.

Mwisho, rudi kwenye ile bei ya kununua kiwanda, kwa sababu mara nane ya faida ina kosa ndani yake. Likizo ya kodi inaisha. Mwaka wa 11 Kenya inachukua asilimia 25, yaani 2.5, kisha 15 ya gawio la 7.5, yaani 1.125. Mzigo ni 3.625, na kwa kuwa umepita 15 na 18.9, Waingereza wote wawili na Mmarekani wako sawa kabisa. Kama imebaki miaka minne ya msamaha, faida ya Mwingereza mdogo dhidi ya Mmarekani ni 1.26 kwa mwaka kwa miaka minne tu. Kwa riba ya asilimia 12, thamani yake leo ni kama milioni 3.8. Aliyetoa milioni 10 zaidi ili kushinda mnada amelipa zaidi ya milioni 6 kwa msamaha ambao hautakuwapo.